Trauti haumi, injini inakohoa, mshipi umejisokota: jinsi ya kujua tatizo liko wapi ukiwa na boti kwenye ziwa la mlimani

Mtu akikosa trauti, yule samaki wa maji baridi, kitu cha kwanza anakimbilia boksi la chambo. Anatoa kijiko (kile chambo cha bati kinachong'aa) cha dhahabu anaweka cha fedha, anatoa cha fedha anaweka chenye madoa mekundu, asubuhi yote imeisha hivyo na hajaguswa hata mara moja. Mimi nasema rangi iwe ya mwisho kabisa kushukiwa. Kwenye haya maziwa ya juu, maji baridi na maangavu mpaka unaona mawe mita kadhaa chini, shida karibu kila mara ni kina au spidi, yaani chambo hakipo pale unapodhani kipo, au kipo ila kinatembea vibaya. Kwahiyo nimepanga kwa dalili, anza na ile unayoiona kwako, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja maana ukipata samaki hutajua ni kipi kimekusaidia.

Kutwa nzima hakuna hata mguso

Jiulize kwanza maji yana joto gani leo. Trauti upinde na trauti kahawia wanajisikia vizuri kwenye nyuzi 10 mpaka 16 hivi, yule trauti wa ziwa, mkubwa wa vilindini, anataka baridi zaidi kidogo, 8 mpaka 12. Ikikaribia 20 wote wanaanza kuteseka, hawali vizuri, wanahama. Sasa msimu ndo unaamua hilo joto liko kina gani.

Barafu ikishayeyuka tu ziwa zima, juu mpaka chini, liko karibu na nyuzi 4, na maji kwenye nyuzi 4 ndo yanakuwa mazito kuliko joto lingine lolote, hivyo yanachanganyika kirahisi upepo ukipiga. Kipindi hicho samaki anaweza kuwa popote, na mara nyingi yuko juu na kandokando, kwasababu maji madogo yanapata joto mapema na wadudu wanaanza kutoka huko. Ukishusha chambo mita 20 kipindi hicho unavulia mawe. Pita karibu na ufukwe, mita 2 au 3 za maji, midomo ya vijito, pale mteremko unapoanza kuzama.

Jua likishazoea ziwa mambo yanageuka. Linagawanyika matabaka: juu vuguvugu, chini baridi, katikati kuna tabaka jembamba la mpito ambapo joto linashuka ghafla ndani ya mita chache tu. Trauti anapenda kukaa hapo hapo au chini yake kidogo, halafu anapanda juu asubuhi na jioni kula. Kama wewe mwezi mzima wa joto unarambaza (yaani unaburuta chambo nyuma ya boti linalotembea) mita 2 chini ya maji saa saba mchana, hapo hamna siri, samaki wako chini yako wanakuangalia tu.

Kujua hilo tabaka liko wapi sio lazima uwe na vifaa vya bei mbaya. Chukua kipimajoto kidogo kitie ndani ya chupa ya plastiki, toboa kifuniko matundu mawili matatu, weka chubwi chini, funga kwenye kamba uliyoipiga fundo kila mita 2. Shusha mpaka fundo unalotaka, subiri dakika 3 au 4 ili maji ya ndani ya chupa yafanane na ya nje, vuta haraka, soma. Chupa inasaidia kwasababu inakuja na maji yake, kipimajoto kikija peke yake kinabadilika njiani kabla hujakisoma. Anza mita 4, nenda 6, 8, 10. Utaona 17, 17, 16, halafu ghafla 11. Hapo umefika.

Mwenye sona (kile kifaa cha sauti kinachoonyesha kina na samaki kwenye skrini), ongeza usikivu taratibu mpaka skrini ianze kuchafuka, mara nyingi lile tabaka linajionyesha lenyewe kama ukanda wa ukungu unaokaa kina kilekile hata chini ya ziwa ikipanda na kushuka. Ila angalizo hapa, watu wanaona alama za samaki kwenye sona wanadhani wako chini ya boti kabisa. Sona ya masafa ya kilohezi 200 inatoa miale yenye upana wa nyuzi kama 20, maana yake kwenye kina cha mita 20 inaona duara la karibu mita 7. Yule samaki anaweza kuwa mita 3 pembeni. Ukiwa umeweka ya masafa ya chini, kama 83, duara linakuwa pana zaidi sana, upana wake unakaribia kina chenyewe, kwahiyo alama nyingi haimaanishi samaki wengi chini ya miguu yako.

Kitu kingine kinachosahaulika ni upepo wa jana. Upepo ukipiga siku mbili upande mmoja unasukuma maji ya vuguvugu ya juu kwenda ufukwe wa mbele, kule yanarundikana na tabaka linashuka chini zaidi, na huku nyuma maji baridi yanapanda. Ziwa lilelile, siku ileile, upande huu samaki wako mita 6 na upande ule wako mita 12. Hapo ndo unasikia mtu anasema jana nimewapata mita 8 leo hawapo, wapo, wamehama na maji yao. Na wadudu wanaoelea nao wanasukumwa upande huohuo upepo unakoelekea, hivyo ufukwe unaopigwa na mawimbi, japo unachosha kuuvulia, mara nyingi ndo una samaki wanaokula.

Kama ziwa lako linalishwa na barafu ya mlimani, kuna siku za joto maji yanageuka rangi ya maziwa, ni unga laini wa mwamba uliosagwa na barafu. Trauti hapo haoni mbali. Tafuta mahali kijito chenye maji safi kinapoingia, vua kwenye mpaka wa maji safi na machafu, na hapo ndo chambo kikubwa kinachotikisa maji kina maana. Asubuhi mapema maji yanakuwa nafuu kwasababu usiku kuyeyuka kunapungua.

Unajua kina, bado huguswi: chambo hakijafika huko

Hii ndo inayokula watu wengi. Mtu anakwambia "nimetoa mita 40 za mshipi" kana kwamba chambo kiko mita 40 chini. Kijiko chepesi kwenye nailoni ya kawaida, ukirambaza spidi ya kawaida, kinaweza kuwa mita 2 tu chini ya maji hata kama mshipi ni mrefu namna gani, maana maji yanaunyanyua.

Mwenye mshipi wenye risasi (ile metali nzito) ndani ana bahati, ule unabadilika rangi kila yadi 10, yaani mita 9 na kidogo, na kila rangi inazama kama mita 1 na nusu ukienda karibu kilomita 3 kwa saa. Unataka mita 9, toa rangi 6. Ukiongeza spidi unapanda, ukipunguza unazama zaidi, na ukipiga kona kali upande wa ndani unaweza kwenda kulala chini kabisa ukanasa. Hesabu hii sio ya kuapia, ni ya kuanzia, ukitaka kuihakiki pita kwenye mahali unapojua kina chake na tambarare, ongeza nusu rangi nusu rangi mpaka fimbo ianze kudonoa mchanga.

Mwenye daunriga (winchi ya pembeni ya boti inayoshusha mshipi kwa waya wenye chubwi zito) anaamini namba ya kwenye kaunta. Ile namba ni urefu wa waya sio kina. Angalia waya unaingiaje majini: ukisimama wima sawa, ila ukilala nyuzi 30 kutoka wima basi waya wa mita 20 uko kama mita 17, ukilala 45 uko 14. Tofauti ya mita 6 kwenye tabaka jembamba ni kama hujavua kabisa. Dawa ni chubwi zito zaidi (kilo 4 au 5 badala ya 2) au punguza spidi.

Na kukosea juu ni nafuu kuliko kukosea chini. Trauti anatazama mbele na juu, atapanda mita moja mbili kufuata kitu kinachopita juu yake, ila kinachopita chini ya tumbo lake mara nyingi hakioni.

Fimbo moja inapata, nyingine hola

Nzuri sana hii, ziwa linakwambia jibu. Usibadilishe ile inayopata, angalia inatofautiana nini na ya pili kwa mpangilio huu: kina, umbali kutoka boti, kisha ukubwa wa chambo, kisha rangi. Kwa umbali, ukivua karibu na juu kwenye maji maangavu boti linawatawanya samaki, kwahiyo chambo kiwe nyuma mita 30 mpaka 60, au tumia ubao wa pembeni unaoutoa mshipi nje ya njia ya boti. Ukiwa chini mita 15 na daunriga hata mita 5 mpaka 10 nyuma ya chubwi zinatosha.

Wakati mwingine tofauti ni kona. Usirambaze mstari ulionyooka kama reli, nenda kama nyoka. Ukipiga kona chambo cha upande wa nje kinaongeza spidi na kupanda, cha ndani kinapunguza na kuzama. Fimbo ya nje ikiguswa mara mbili kwenye kona, ongeza spidi, ya ndani ikiguswa, punguza au shusha.

Unapata ukienda upande huu, ukirudi hupati

Spidi hiyo. GPS inakuonyesha boti linavyokwenda juu ya ardhi, chambo hakijui habari za ardhi, kinajua maji. Upepo ukivuma maji ya juu nayo yanatembea, kama asilimia 3 ya spidi ya upepo. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unasogeza maji ya juu karibu kilomita 1. Sasa wewe GPS inasoma 3 kwenda na 3 kurudi unadhani uko sawa, kumbe dhidi ya upepo chambo cha juu kinakwenda karibu 4 na pamoja na upepo kinakwenda 2. Hivyo ni vyambo viwili tofauti kabisa! Na huko chini maji yanaweza kuwa yanarudi upande mwingine, hivyo huwezi hata kusema kwa uhakika bila kuangalia.

Kuangalia kwenyewe ni rahisi, kabla ya kushusha tia chambo majini pembeni ya boti ukiwa kwenye spidi yako, kiangalie. Kijiko kinatakiwa kiyumbe kulia kushoto, kikilala upande mmoja na kujikokota umepunguza mno, kikianza kuzunguka kama feni umezidisha. Vijiko vyembamba vingi vinapenda kilomita 2.5 mpaka 4 kwa saa, mnyoo nyuma ya bati la kuakisi anapenda taratibu, 1.5 mpaka 2.5. Kisha angalia ncha ya fimbo, ikae inatetemeka kwa mpigo uleule, huo mpigo ukariri. Ukienda na upepo ongeza mpaka mpigo urudi, ukienda dhidi yake punguza, achana na namba ya GPS.

Boti linakwenda haraka hata injini ikiwa imeshushwa mwisho? Funga ndoo yenye matundu au mfuko wa kuburuta, mmoja kila upande, mbele kidogo ya katikati ili usiingie kwenye propela.

Wanafuata mpaka boti halafu wanageuka

Kwenye maji haya unawaona kwa macho, inauma kweli. Samaki anayefuata amekubali kina na ameona chambo, kinachomkera ni kitu kidogo. Jaribu kuvunja mwendo: toa gia sekunde 2 au 3 kijiko kianguke kikipepea, rudisha gia. Wengi wanauma pale pale kinapoondoka tena. Ikishindikana punguza ukubwa wa chambo kabla ya rangi, kisha punguza unene wa lida (kile kipande cha mwisho cha mshipi kinachoshika chambo). Florokaboni (aina ya mshipi) yenye nguvu ya kilo 2 mpaka 3 inatosha kwa trauti wa kawaida, na iwe ndefu, mita 3 au zaidi.

Rangi sasa, maana najua unaisubiri. Maji yanameza nyekundu kwanza, ukifika mita 10 nyekundu yako ni kijivu tu, bluu ndo inayoenda mbali zaidi kwenye maji maangavu. Kwahiyo kugombania nyekundu na chungwa kwa mita 15 ni kujifurahisha. Mng'ao na kivuli ndo vinaonekana: siku ya jua kali chambo kisichong'aa sana, alfajiri au mawingu kiwe na mng'ao.

Na ukishampata wa kula mmoja, mpasue tumbo ufungue na utumbo wa mbele ndani ya kisahani chenye maji. Ukikuta uji uji wa vidudu vidogo sana visivyohesabika, basi wanakula hivyo tu na kijiko chako cha sentimita 8 ni kichekesho, weka kidogo kabisa na upunguze mwendo. Ukikuta viluwiluwi vyembamba vya wale inzi wasiouma wanaoruka juu ya maji jioni, acha kurambaza, tia nanga mita 4 mpaka 7 za maji, ning'iniza chambo kidogo chini ya kiboya kikae nusu mita kutoka chini, na usikiguse. Kuna watu hawawezi kukaa bila kugusa, hao waendelee kurambaza tu.

Wanauma kisha wanachomoka

Anza na ndoana. Ikokote juu ya kucha ya kidole gumba bila kubonyeza, ikiteleza ni butu, inole au itupe. Ndoana ya matawi matatu kwenye kijiko kirefu inampa samaki kitu cha kukanyagia, akitikisa kichwa kijiko kinafanya kazi ya mtaimbo na kuing'oa, weka ndoana moja pana badala yake, utashangaa.

Pili ni mshipi wa kusukwa. Haunyumbuki kabisa, ukiwa na fimbo ngumu na breki ya rili umeikaza, kila kichwa kinapotikisika nyama ya mdomo inachanika. Nailoni inanyumbuka na kukusamehe. Ukitaka kubaki na wa kusukwa weka mita kadhaa za nailoni mbele, fimbo laini, na breki isizidi robo ya nguvu ya mshipi. Ipime kwa mizani ndogo ya mkono, usipime kwa hisia, mkono baridi unadanganya.

Tatu, usizime boti ghafla samaki akishika. Mshipi ukilegea sekunde moja ameshaondoka. Acha boti liende mbele taratibu mpaka umemsogeza, usimnyanyue kichwa juu ya maji, neti iingie majini kwanza na yeye aingie kichwa mbele.

Mshipi umejisokota kama nywele

Kijiko kinazunguka (rudi kwenye spidi), au swivo (kile kiungio kinachozunguka kati ya mshipi na chambo) imekufa. Swivo za bei ya kutupa hazizunguki zikiwa na mzigo, ivute kwa vidole huku ukiizungusha, ikigoma itupe. Mnyoo uliotungwa umepinda nao unazungusha, mnyooshe. Mshipi ulioharibika tayari, kata kila kitu mwishoni, uachie mtupu nyuma ya boti mita 50 au zaidi, tembea dakika chache, utajifungua wenyewe. Asubuhi yenye baridi kali nailoni ya zamani inatoka kwenye rili ikiwa na umbo la springi, hiyo haitibiki, badilisha. Na barafu kwenye vijicho vya fimbo usiigongegonge, ichovye majini.

Injini haina nguvu, inatoa moshi mweusi

Usimtukane fundi bado. Juu hewa ni nyepesi. Injini inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ziwa Tahoe, Marekani, liko mita 1,897, hapo umeshapoteza karibu asilimia 19, Titicaca la mpakani mwa Peru na Bolivia, lenye mita 3,812, na lina trauti upinde pia, unapoteza zaidi ya theluthi. Nguvu hiyo hairudi kwa dawa yoyote ya kumimina kwenye tanki.

Injini ya kabureta ina tatizo la pili juu ya hilo, inaendelea kutoa petroli ileile kwa hewa pungufu, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi yenye masizi makavu, inagoma kuongeza mwendo. Suluhisho ni jeti (kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) ndogo zaidi kama kitabu cha injini kinavyoelekeza kwa mwinuko wako, na propela yenye mkunjo mdogo ili injini ifikie mizunguko yake. Ukishuka na boti bondeni RUDISHA jeti za mwanzo, maana jeti ndogo kwenye hewa nzito mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inaungua. Injini za sindano ya kielektroniki zinajirekebisha mchanganyiko zenyewe, ila nguvu bado inapungua.

Ikiwa inawaka vizuri, inakwenda dakika kadhaa halafu inazima, na ukiisubiri inawaka tena, cheki skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki. Ikiwa imefungwa tanki linajivuta ndani na ile pampu ya mpira ya mkononi inakuwa bapa. Fungua, imeisha. Ikiwa inakohoa baada ya kurambaza saa nyingi kwa mwendo wa chini, hasa ya viharusi viwili, ni plagi zimechafuka, kila baada ya muda ipe mafuta dakika moja ijisafishe, na beba plagi za akiba na spana yake. Maji hayatoki kwenye kitundu cha kupoozea? Zima hapo hapo, kuna majani au mchanga.

Betri inaisha mapema kuliko kule bondeni

Mota ya umeme mwinuko hauisumbui, baridi ndo inasumbua betri. Betri ya risasi kwenye nyuzi 0 inatoa kama asilimia 80 ya uwezo wake, na ukiitumia chini ya nusu unaiua mapema. Pima ikiwa imepumzika: volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, anza kurudi. Lithiamu inavumilia zaidi ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Na mwendo una gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani, ukipunguza spidi kwa moja ya tano tu umeme unaotumika unashuka karibu nusu. Kwahiyo nenda kwenye eneo la kuvua kwa upande ambao upepo wa mchana utakurudisha.

Nanga haishiki, boti linazungukazunguka

Kingo za maziwa haya zinaanguka ghafla, unatia nanga mita 6, boti linasogea kidogo na nanga inaning'inia hewani juu ya mita 40. Kamba iwe angalau mara 5 ya kina, upepo ukiwa mkali mara 7, na mita kadhaa za mnyororo kati ya kamba na nanga ili ivutwe kwa kulala. Tupa upande wa juu ya mteremko ukiweza. Na nanga inafungwa omo (mbele), USIIFUNGE tezi (nyuma), boti dogo likishikwa nyuma wimbi linaingia juu ya injini na linajaa kabla hujapata kisu.

Kuhusu upepo wenyewe, siku tulivu zenye jua una ratiba: asubuhi hewa inashuka bonde, ziwa linatulia, kuanzia karibu saa sita inageuka na kupanda bonde, mchana mawingu yanarundikana juu ya vilele na radi inaweza kufuata. Ukiona mawingu yanaota kwenda juu kama cauliflower na bado una kilomita 3 za kurudi, kusanya mishipi sasa. Fimbo nyingi za siku hizi ni kaboni na kaboni inapitisha umeme. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe, maana maji ya nyuzi 8 dakika ya kwanza unashindwa kuongoza pumzi, baada ya kama dakika 10 vidole havishiki tena, hata kama unajua kuogelea vizuri. Ile kamba ya kuzima injini nayo ifungwe kwenye mguu au mkono.

Unamwachia, anageuka tumbo juu

Kwanza kama ziwa lina sheria ya kutomwachia, humwachii. Ziwa Yellowstone la Marekani, mita 2,357, trauti wa ziwa aligunduliwa humo mwaka 1994, sio mwenyeji na anawamaliza trauti wa asili, ukimshika lazima umuue. Na humo vyuma vya risasi kwenye zana haviruhusiwi, soma kanuni za ziwa lako kabla hujapakia machubwi yako.

Wa kuachia, sababu ni mbili. Umemtoa vilindini haraka na kibofu chake cha hewa kimevimba. Trauti ana njia ya kutoa hewa kupitia mdomoni, tofauti na samaki wengine wengi, hivyo ukimpandisha taratibu na kumpumzisha njiani utaona mapovu yanatoka na anafika akiwa sawa. Akifika amevimba mshike chini ya maji, mkandamize tumbo polepole kwa kiganja kuanzia nyuma kuelekea kichwani, hewa itatoka. Usimtoboe na sindano.

Sababu ya pili ni maji ya juu kuwa ya moto. Umemtoa kwenye nyuzi 10 unamwachia kwenye 20 baada ya kupigana dakika 10, hapo atakufa hata kama ameondoka anaogelea. Siku hizo vua wa kula, ukifikisha idadi uliyoruhusiwa funga. Siku za kawaida lowesha mikono kabla ya kumshika, mng'oe ndoana akiwa majini kwenye neti, picha ni sekunde chache tu, kisha mshike wima mkiani, kichwa mbele, boti likitembea polepole sana ili maji yaingie mdomoni yenyewe. Usimsukume mbele nyuma mbele nyuma, maji yakiingia kwa nyuma ya matamvua hayamsaidii. Mwachie akianza kukuvuta mkono.